Jibu: Mdogo wangu anatetemeka asubuhi, nimfungie ndani aache gongo?

Habari ndugu. Usimfungie! Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2, hata kufa. Kaka yangu alianza hivyo hivyo: kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado inamwagika.

Kwanza mwangalie macho kama yana unjano, na tumbo kama limejaa. Kisha mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, si mpo hapo hapo Dodoma? Daktari mtajieni kiasi anachokunywa, msimsitiri.

Umesema pia pesa ya mahindi inaishia kilabuni. Mimi pesa ya pombe ya kaka niliiandika kwenye daftari. Elfu 3 kwa siku, mwezi ni 90,000. Kodi yetu ilikuwa 50,000. Kaka aliusoma ukurasa ule mara mbili, akanyamaza.