Re: Mtoto analia kila akipelekwa kwa kinyozi

Assalaam alaykum, dada. Umeeleza kwamba mwanao wa miaka 3 huanza kulia na kujikunyata mara tu kinyozi anapowasha mashine, hata akipakatwa na baba yake. Kwanza kichunguze kichwa chake mchana, kwenye mwanga: akiwa na mapunye, huenda mashine inamuuma kweli, na mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya kumeza, kwa sababu mafuta ya kupaka pekee hayaondoi mapunye ya kichwani.

Kichwa kikiwa safi, shaka yangu ni ule mlio. Wangu tulikuwa tukimpeleka kwa kinyozi wetu hapa Ngamiani asubuhi, kabla vijana hawajajaa kibarazani, akamtazama baba yake akinyolewa, kisha akarudi nyumbani bila kuguswa. Alipozoea, kinyozi aliiwasha mashine mbali naye, akamwekea mgongo wa mashine kiganjani ili ausikie mtetemo, ndipo akaanzia kisogoni na kuacha sehemu za masikio mwisho. Mwombe kinyozi aguse meno ya mashine kila mara, maana hupata moto. Msimshike kwa nguvu. Akikataa katikati, sehemu iliyobaki ipunguze nyumbani kwa mkasi wenye ncha butu, hata kama kichwa kitabaki na ngazi kwa wiki moja.