Maghala ya maktaba kwenye Gradle: yaandikwe mara moja, ndani ya programu-jalizi ya Settings

Ndugu uliyeuliza namna ya kuondoa orodha ya maghala (seva ambako maktaba, yaani msimbo ulio tayari kutumika, hupakuliwa) iliyonakiliwa katika kila moduli ya mradi wako wa Gradle, chombo cha kujenga programu, ushauri wangu ni kwamba uandike programu-jalizi, yaani nyongeza ya Gradle, ya aina ya Plugin<Settings>, wala si Plugin<Project>. Ya Settings hushughulikia mradi mzima. Ya Project, inayoshughulikia moduli moja moja, huweza kuongeza ghala, lakini haina njia rahisi ya kuizuia moduli isijitafutie jingine. Walioorodhesha JCenter, ghala la umma, katika kila faili wanakumbuka kazi iliyowaangukia mwaka 2021, kampuni ya JFrog iliyoliendesha ilipotangaza kulifunga.

Tangu toleo la 6.8, Gradle ina dependencyResolutionManagement, sehemu ya mipangilio ya mradi mzima, na hapo ndipo programu-jalizi yako itakapotaja maghala yote. Ukiweka FAIL_ON_PROJECT_REPOS, ujenzi hukataa moduli yoyote inayotaja ghala lake. Mimi huanza na PREFER_SETTINGS, inayopuuza maghala hayo na kutoa onyo tu, kwa sababu baadhi ya programu-jalizi za nje huongeza maghala yao kimyakimya na ni vema kuzibaini kabla ya kufunga mlango.

Ofisini kwetu hapa Mwanza, tunakoandika programu za mizani kwa ajili ya wanunuzi wa sangara, tuna seva ndogo inayohifadhi nakala za maktaba kutoka Maven Central, ghala kubwa la umma, ili maktaba ikishapakuliwa na mmoja wetu, wengine waipate hata intaneti inapokatika. Kwa kuwa Gradle hutafuta kwa kufuata mpangilio wa maghala, seva hiyo hutajwa kwanza. Maktaba zetu wenyewe tumezifungia humo kwa agizo la exclusiveContent, zisitafutwe kamwe kwenye maghala ya umma. Sababu ni kwamba mwaka huohuo wa 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alionyesha jinsi kampuni kubwa zilivyoweza kupokea kifurushi cha mgeni chenye jina sawa na kifurushi chao cha ndani.

Liko fundo moja ambalo maelezo mengi hulipita haraka: programu-jalizi hiyo nayo lazima ipakuliwe mahali fulani, na kabla haijapakuliwa haiwezi kusema ni wapi. Kwa hiyo anwani ya seva hubaki katika pluginManagement, sehemu inayosema programu-jalizi zipakuliwe wapi, ndani ya settings.gradle.kts, faili la mipangilio ya mradi, mstari mmoja kwa kila mradi. Wapo wanaoificha katika init.d, folda ya Gradle iliyo nje ya mradi, ya kila kompyuta. Siipendi njia hiyo, kwani mgeni akinakili mradi hataelewa kwa nini haujengeki.

Nywila ya seva usiiandike katika settings.gradle.kts. Ukiliita ghala hilo “ziwa” na kutumia credentials(PasswordCredentials::class), Gradle itasoma ziwaUsername na ziwaPassword kutoka gradle.properties ya mtumiaji mwenyewe.