Mwalimu wa noti au wa sikio?

SWALI: Maalim, kijana wangu wa miaka 11 anataka kujifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Mwalimu mmoja amesomea noti za muziki. Mwengine, mzee wa Malindi, hasomi hata moja. Nimpeleke kwa nani?
Mama wa Kikwajuni

JIBU: Bibi, aanze kwa mzee. Shingo ya udi haina vigawanyo. Kidole hutafuta sauti kwa sikio, na sauti ya tatu ya Rast, ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, haimo kwenye piano. Mimi nilifunzwa na ami yangu. Mwezi mzima sikupiga wimbo, nakaza na kulegeza nyuzi tu, naye anakunywa kahawa. Nilimchukia! Noti nilizisoma ukubwani, zikanifaa nilipokaa na wapiga fidla na kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Ila mzee akiwa mkali wa bakora, mtoe.