Kabla hujakariri jedwali la kabonati, kaangalie jiwe likichomwa

Kila mwaka wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mtwara huniletea swali lilelile: kwa nini kabonati (misombo ya metali yenye kaboni na oksijeni) za metali za kundi la pili la jedwali la elementi zinazidi kustahimili joto kadiri unavyoshuka kwenye kundi? Wengi wameshakariri jibu. Lakini geuza swali kidogo, uliza kuhusu lithiamu au nitrati, na jibu lote linayeyuka. Ushauri wangu kwao, na kwa walimu wenzangu, ni kuanza na kalsiamu, kwa sababu hiyo unaweza kuishika mkononi. Ukishaielewa, utahitaji kuuliza mambo mawili tu kuhusu ayoni ya metali, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme: chaji yake na ukubwa wake.

Pwani yetu hii, toka Kilwa hadi Msimbati, imejaa mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kabonati. Upande wa Mikindani niliwahi kusimama na mzee mchoma chokaa akipekua tanuri lililopoa. Aliokota jiwe, akalipima kiganjani, akalitupa pembeni. “Hili halijaiva, Mwalimu. Bado zito.” Mzee yule alikuwa anapima mmenyuko kwa mkono. Gramu 100 za kalsiamu kabonati zikiiva kabisa hubaki gramu 56 za oksidi, na gramu 44 zimeondoka kama hewa ya ukaa. Umbo la jiwe linabaki lilivyo, ila uzito umepungua karibu nusu. Nililivunja lile alilolitupa nikakamulia ndimu kwenye kiini, kikatoa mapovu: kabonati ilikuwa bado imo. Jiwe lililoiva ukilinyunyizia maji hufuka mvuke, hupasuka, kisha huwa unga. Usilishike kwa mkono mtupu wala usiinamie juu yake, maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza vibaya.

Sasa turudi kwenye daftari. Ayoni ya kabonati ni kubwa na wingu lake la elektroni linavutika kirahisi. Ayoni ya metali ikiwa ndogo na yenye chaji +2, inalivuta wingu hilo kwa nguvu hadi kifungo kimoja cha kaboni na oksijeni kinalegea. Ongeza joto, hewa ya ukaa inatoka, na metali inabaki na oksijeni moja ndogo inayoshikamana nayo kwa karibu zaidi. Ayoni ya magnesiamu ina nusukipenyo cha pikometa 72 (pikometa ni sehemu moja ya trilioni ya mita), kalsiamu 100, strontiamu 118, bariamu 135. Ndiyo maana kabonati ya magnesiamu huvunjika kabla hata moto haujawa mkali sana, ya kalsiamu hudai nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na ya bariamu hupita 1,300. Beriliamu, iliyo ndogo kuliko zote hizo, kabonati yake haitulii hata kwenye joto la kawaida la chumba; hutunzwa ndani ya hewa ya ukaa.

Hapo kwenye hewa ya ukaa pana jambo ambalo vijana wengi hulipita mbio. Mmenyuko huu unakwenda pande zote mbili. Hewa ikizuiwa isitoke, kabonati haivunjiki kikamilifu. Tanuri la wazi linapitisha upepo, upepo unabeba hewa ya ukaa, na jiwe linaiva. Kwa hiyo ukichoma kabonati maabara, usifunike chombo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni sodiamu. Ayoni yake ina pikometa 102, karibu sawa kabisa na kalsiamu. Tofauti kubwa ni chaji: +1. Ipashe sodiamu kabonati moto hadi nyuzi 851, itayeyuka na kubaki sodiamu kabonati ileile. Mwanafunzi akiziweka hizi mbili bega kwa bega, hana tena haja ya kukariri kwamba kabonati za kundi la kwanza hazivunjiki kwa moto wa kawaida wa maabara.

Lithiamu ndiyo inayojitenga na ndugu zake, na sasa unaweza kusema sababu bila kufungua kitabu: pikometa 76, jirani na magnesiamu. Kabonati yake huvunjika ikipata moto mkali. Kwenye nitrati tofauti inaonekana kwa macho: lithiamu, magnesiamu na kalsiamu hutoa moshi wa kahawia wa naitrojeni dioksidi na kuacha oksidi, wakati sodiamu na potasiamu hutoa oksijeni tu na kuacha nitriti. Moshi ule ni sumu. Fanyeni jaribio hilo kwa kiasi kidogo sana, penye upepo, kamwe si ndani ya darasa lililofungwa. Hidroksidi hufuata njia hiyohiyo, sitazirefusha hapa.

Kwa shule isiyo na gesi, bikabonati ya sodiamu ya dukani inatosha kuanzia. Taa ya spiriti inaivunja vizuri, na hewa inayotoka ukiielekeza kwenye maji ya chokaa yanageuka meupe kama maziwa. Kwa kalsiamu, taa ya spiriti haifui dafu. Tafuteni jiko la mkaa, pepeeni hadi mkaa uwe mwekundu unaong’aa, mtie kipande chembamba cha ganda la chaza, ambalo nalo ni kalsiamu kabonati, na mpime uzito wake kabla na baada. Maganda okoteni ufukweni, yaliyokwisha kufa. Matumbawe hai msiyaguse, ni makazi ya samaki wetu, na eneo la Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Ganda likitoka kwenye moto, liacheni lipoe, kisha lidondosheeni tone moja la maji kabla hamjaandika chochote.