Yesu kazaliwa Bethlehemu au Nazareti? Na alikuwa Myahudi kweli?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Huku kazini kila Krismasi ni ubishi. Tunaimba kazaliwa Bethlehemu, halafu Biblia hiyohiyo inamwita Yesu wa Nazareti, sasa tushike lipi? Na kuna jamaa anasema Yesu hakuwa Myahudi, alikuwa Mkristo wa kwanza, mwingine anasema alikuwa Mpalestina. Tusaidie.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Mi nafundisha Agano Jipya na hili swali halikosagi darasani, hasa mwaka wa kwanza, wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Mathayo na Luka wote wanasema kazaliwa Bethlehemu ya Uyahudi, Nazareti ndo kakulia. Mtu akizaliwa Muhimbili akakulia Tabora, watu watamwita wa Tabora, basi. Bethlehemu iko kusini ya Yerusalemu, hata kilomita 10 hazifiki, ila Nazareti iko juu kaskazini kule Galilaya, hapo unaongelea zaidi ya kilomita 100 za mguu.

Sasa ukitaka kubishana vizuri fungua Mathayo 2 na Luka 2 usome kwa pamoja. Luka anaanzia Nazareti, Yosefu na Mariamu wanapanda Bethlehemu kuandikishwa, nafasi hakuna kwenye nyumba ya wageni, mtoto analazwa kwenye hori. Mathayo safari hiyo hana kabisa! Kwake mamajusi wanamkuta mtoto nyumbani hapohapo Bethlehemu, halafu familia inakimbilia Misri, na wakati wa kurudi Yosefu anamuogopa Arkelao mtoto wa mfalme Herode ndo wanaenda kukaa Nazareti. Yaani watu wawili wanasimulia kila mtu kivyake, wala hawajakopiana, halafu wanakutana mji uleule, na kwangu mimi hiyo ndo hoja nzito kuliko zote upande wa Bethlehemu. Ila kuna wanahistoria wanaoona kwamba kazaliwa Nazareti tu, wanasema Bethlehemu iliingia kwa sababu ya Mika 5:2, unabii wa mtawala atakayetoka huko. Na wana kitu cha kushika, Marko hasimulii kuzaliwa, na kwenye Yohana 7 watu wanamkataa kabisa kwamba Masihi hawezi kutoka Galilaya, lazima atoke Bethlehemu, na hakuna hata mmoja pale anayewajibu kwamba mbona huyu kazaliwa hukohuko.

Mwaka nao una utata wake. Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo, kwa hiyo kama Yesu kazaliwa Herode akiwa hai basi kazaliwa kabla ya "mwaka wa kwanza", hesabu za kalenda zilipigwa na mtawa Dionysius mwaka 525 na alipishana kidogo. Halafu sensa ya Kirenio, liwali wa Kirumi wa Siria, anayoitaja Luka, ile tunayoijua kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ilifanyika mwaka wa 6 baada ya Kristo, hapo kuna pengo la miaka kumi hivi na wasomi bado wanavutana.

Kuhusu Yesu kuwa Myahudi hapo wala tusichoshane, hakuna msomi wa maana anayepinga. Angalia Luka 2 hiyohiyo: siku ya nane mtoto anatahiriwa na kupewa jina, halafu wazazi wanampeleka hekaluni Yerusalemu na sadaka inayotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sasa nenda Walawi 12, utakuta sadaka kamili ni mwanakondoo na ndege mmoja, ndege wawili ni kwa mama asiye na uwezo wa kununua kondoo. Kwa hiyo siyo Wayahudi tu, ni Wayahudi wa hali ya chini wanaofuata torati mpaka mfuko unapoishia. Akikua anaingia sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake", anapanda Yerusalemu kwa Pasaka, na wadogo zake, au ndugu zake kama wewe ni Mkatoliki, wanaitwa Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, majina ya Kiyahudi matupu. Yule mama Msamaria kisimani anamwita Myahudi usoni kabisa na Yesu hakatai.

Huyo wa "Mpalestina" naye mwambie hivi, Bethlehemu leo iko Ukingo wa Magharibi chini ya Mamlaka ya Palestina, hapo kasema kweli, ila enzi za Yesu watu walisema Uyahudi, Samaria, Galilaya. Warumi ndo waliligeuza jimbo la Uyahudi likawa Siria Palestina baada ya kuzima uasi wa Wayahudi mwaka 135, Yesu keshaondoka miaka mia na ushee.

Na Mkristo wa kwanza hawezi kuwa yeye. Soma Matendo 11:26, wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza Antiokia, huko Siria, hiyo ni miaka kadhaa baada ya msalaba.