Mwanafunzi wa dawati la nyuma

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji: "Mwalimu akishastaafu, hubaki na nini?" Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, yote katika mji mmoja mdogo, na huu ni mwaka wa sita tangu nikabidhi funguo za kabati la vitabu.

Jibu la haraka ni kwamba hubaki na mazoea. Bado naamka kabla hapajapambazuka, na ikikaribia saa mbili kasorobo mwili wenyewe unangoja kengele. Sauti imebaki na mkwaruzo, maana koo lililopaazwa kila siku mbele ya watoto 60 halirudi lilivyokuwa. Masikio nayo yameanza kuchagua. Uzee huanza kula sauti nyembamba, kwa hiyo mtu mzima namsikia vizuri kuliko mtoto, na hilo linaniuma kuliko magoti. Habari za pensheni wataandika wengine.

Mimi nimebaki na deni, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mwalimu wa mji mkubwa akistaafu anaweza kupotelea katika watu. Wa mji mdogo hana pa kupotelea. Nikienda kupimwa presha, muuguzi nilimfundisha. Nikipanda gari, dereva nilimfundisha, na pengine abiria watatu. Wenye mvi zao wananiamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami moyo unajaa. Ila ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba wanaonikimbilia ni wale waliofaulu. Wengine huvuka barabara. Kila tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, simu yangu hupokea ujumbe tangu alfajiri, na nausoma wote, mmoja mmoja. Safari hii niliusoma nikiwawaza wasioweza kuniandikia kwa sababu mimi sikuwafundisha kuandika.

Mmoja wao alikuja mwenyewe. Ukuta wa nyuma ya nyumba yangu ulipasuka, nikaletewa fundi mwashi, na nikamtambua kabla hajavua kofia. Darasa la pili, dawati la nyuma, karibu na dirisha, miaka 30 na zaidi iliyopita. Kazi yake ni safi sana. Aliteremsha timazi, akapima kwa futi mara moja tu, akatazama juu kidogo, kisha akanitajia idadi ya matofali na mifuko ya saruji bila kugusa kalamu. Nikaandika orodha ya vifaa, nikampa. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda wa kutosha, akaitikia kwa kichwa, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. "Sawa, mwalimu."

Aliyesikiliza watoto wakisoma kwa miaka yote hiyo huangalia macho. Macho ya mtu anayesoma hayatelezi juu ya mstari: huruka, hutua, huruka tena, mara nyingine hurudi nyuma. Ya fundi yalitua katikati ya karatasi yakabaki palepale.

Siku ile sikusema kitu. Usiku usingizi ulikataa. Nilikumbuka nilivyokuwa nikimwita asome, anasimama, kimya, wenzake wanacheka, namwambia aketi. Baadaye nikaacha kabisa kumwita, nikijiambia kwamba namhurumia. Kisha ikasikika kwamba mkaguzi anakuja, nikawahamishia mbele wanaojua, yeye nikampeleka nyuma, naye akabaki huko hadi mwaka ukaisha. Kwenye ripoti yake nikaandika neno moja: Mvivu. Sijalisahau neno hilo, wala kalamu niliyoliandikia, ya wino mwekundu.

Na hesabu za kichwa alikuwa akiwashinda karibu wote! Nililiona hilo kila wiki, wala sikujiuliza. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mwerevu, hesabu hazimsumbui, lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Haya niliyasoma nikiwa nimeshastaafu, na siku nzima sikuweza kufanya jambo jingine. Mwalimu yule alikuwa amemwona mtoto wake. Siku hizi tatizo hilo huitwa disleksia, na inafahamika kwamba halitokani na uvivu wala uhaba wa akili. Mara nyingi ugumu uko katika kuunganisha sauti na herufi yake. Si kazi yangu kumpa fundi jina la tatizo. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha kusoma.

Alipokuja kumalizia lipu nilimwekea kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikukosea." Alikuwa ameshika mwiko, akawa anaukwangua saruji iliyoganda, polepole, mpaka ukang'aa. Ndipo akaniambia kuhusu ripoti.

"Nilimpelekea mama. Na yeye hakusoma, mwalimu. Akaniuliza imesemaje, nikamwambia imesema nimefaulu. Akaibandika ukutani."

Ilikaa ukutani miaka mingi, akasema, hata karatasi ikabadilika rangi. Wageni waliojua kusoma waliiona wakanyamaza.

Tunakutana Jumanne na Alhamisi jioni, akitoka kazini. Mwanzoni alikataa, akisema umri umepita. Nikamwambia wangu umepita zaidi. Akakubali kwa sharti kwamba mlango ufungwe.

Tulianza na mchanga. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi kutoka kwenye karatasi ya msasa ili mtoto azipapase, kidole kijifunze pamoja na jicho. Nilifundishwa hayo chuoni, nikajibu vizuri kwenye mtihani, nikaingia darasani na sikuyatumia hata siku moja. Sasa fundi mwenyewe ndiye aliyeleta mchanga, ameuchekecha ukawa laini kama unga, nami nikautandaza kwenye sinia. Anachora herufi kwa kidole huku akiitamka. Kidole chake ni kigumu, kina nyufa za saruji, kinaacha mfereji mpana. Herufi b na d zilimtesa wiki tatu. Nilijaribu njia zangu zote. Suluhisho alilipata mwenyewe: kwenye b unasimamisha nguzo kwanza, tumbo linafuata, kwenye d tumbo linatangulia, nguzo inakuja mwisho. Tangu jioni hiyo hajazichanganya ila akichoka.

Lugha yetu inamsaidia anayeanza, kwa kuwa a ni a popote utakapoikuta. Ba be bi bo bu alizimaliza mapema kuliko nilivyotarajia. Ugumu uko kwenye konsonanti zinazoshikana, mb, nd, mbw, na kwenye maneno marefu yanayomjia kama ukuta mmoja usio na mlango. Kwa hayo natumia kipande cha kadi. Nalifunika neno lote, namfunulia silabi moja moja. Jioni moja nilimfunulia sa. Kisha ru. Akatulia, jasho likimtoka puani. Nikafunua ji. "Sa-ru-ji," akasema, halafu akalirudia kwa pumzi moja, akanitazama kama mtu aliyeitwa jina lake. Amekibeba kitu hicho begani zaidi ya miaka 20. Kesho yake aliniambia aliisogelea mifuko ya dukani akawa anaipitia mmoja mmoja kwa kidole, mpaka mwenye duka akamuuliza amepoteza nini.

Kilichobadilika kwangu ni kungoja. Darasani nilimpa mtoto nafasi ya kuhesabu tatu, kisha nikamgeukia mwenzake aliyeinua mkono. Juzi fundi alikwama kwenye neno "mbwembwe", nikahesabu moyoni hadi 40 bila kufungua mdomo. Akalisoma. Sasa nawaza ni wangapi niliowapita kwenye tatu wakati wangenijibu kwenye 40. Majina yao ninayo. Nimeanza kuyaandika kwenye daftari, na wanane kati yao bado wanaishi mjini hapa. Mmoja ameshakubali nimtembelee.

Barua hii nilimsomea fundi kabla sijaituma, kwa kuwa habari ni yake. Alinirekebisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika kwamba alilia aliposimulia kuhusu mama yake. Alisema hakulia, na ni kweli, mimi ndiye niliyelia. Pia nilikuwa nimesema ukuta wangu ulipasuka kwa mvua. Akasema mvua haikuhusika kabisa, msingi ndio uliokuwa dhaifu upande mmoja, na aliyejenga alifunika kwa lipu badala ya kuuchimba.

Kesho ni Alhamisi. Mchanga umeshatandazwa, na tumefika kwenye ng'.