Barua kwa mwanangu: Mbotela na neno ungwana

Mwanangu,

Salamu kutoka Kisauni. Sote tu wazima, ila nyanyako magoti yamsumbua tangu mvua zianze.

Uliniuliza kwenye simu marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa redio, alisomea wapi Kiswahili kile, maana huko redioni mnaambiwa kila siku mumsikilize. Nikakujibu, "Kwao," laini ikakatika. Sasa nikueleze vizuri.

Kwao ni hapa hapa. Ile kengele ya Kengeleni unayoipita kila ukishuka matatu, bila hata kuitazama, ni ya Frere Town. Wamisheni wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walianzisha kijiji hicho mwaka 1875, kiwe makao ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele iliwaita kanisani, na iliwaonya pia wateka watumwa wakionekana. Walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila mmoja na lugha ya mama aliyenyang'anywa. Wasalimiane vipi? Kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa pale alikinyonya pamoja na maziwa.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940. James Mbotela, wa ukoo wake, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka 1934, akisimulia wazee wao walivyotekwa Uyaoni na walivyofikishwa huku. Basi alitoka katika ukoo uliojua uzito wa neno. Msiba nao waliuonja: Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo huo, aliuawa Nairobi mwaka 1952, Leonard akiwa mvulana wa miaka 12. Ule mtaa wa Mbotela unaoupita ukienda kazini umebeba jina la Tom. Leonard akasoma Kitui High School, mbali na bahari, akaanza kazi gazetini, na mwaka 1964 akaingia Sauti ya Kenya, redio ya taifa.

Lakini la shule si ndilo nililotaka kukwambia.

Nilipokuwa mdogo nyanyako alikuwa akianika betri za redio juani, juu ya ungo, ili zisitufie katikati ya Je, Huu ni Ungwana? Kipindi hicho cha redio, cha kuuliza kama tendo fulani ni la kiungwana, Mbotela alikianza mwaka 1966. Kikianza, hata sufuria haikufunikwa kwa kishindo. Mimi nilidhani ni mambo ya adabu tu. Siku moja babu yako, Mungu amrehemu, akaizima redio kipindi kilipokwisha, akaniuliza, "Wajua mngwana ni nani?" Nikajibu, mtu mwenye adabu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba zamani hapa pwani mngwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Mtumwa angekuwa na adabu kuliko bwana wake, wangwana wasingemhesabu mwenzao.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikiitazama ile redio iliyozimwa. Kumbe mtoto wa ukoo uliotiwa minyororo ndiye aliyekuwa akiwauliza Wakenya wote, wakubwa kwa wadogo, kama matendo yao ni ya kiungwana! Na watu wakajirekebisha kwa sababu yake. Hadi leo nikilikumbuka hilo mwili wanisisimka. Alipofariki Februari 2025, nililia kama niliyefiwa na mjomba.

Kwa hivyo ukimsikiliza, usisikilize sauti peke yake. Sikiliza anavyoliweka neno hilo mdomoni, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani.

Ukija Pasaka tushuke wote Kengeleni, uitazame safari hii. Na umletee nyanyako ile dawa ya kupaka.

Mamako